Geti la Kanisa na Mkondo wa Ndanu

Benchi letu limeegemea ukuta wa duka langu la fotokopi, nyuma ya soko la Marikiti hapa Machakos mjini, mahali ambapo kivuli cha mabati hufika baada ya chakula cha mchana na wanaume wenye shughuli nyingi hufika pamoja nacho. Musyoka muuza kahawa huja na birika lake la kahawa chungu likiwa limekalia makaa, vikombe vikigongana ndani ya ndoo, na kabla hajalitua mtu huwa ameshatatua tatizo moja la nchi. Mimi, mwanamke pekee hapa, wananiita Digrii, kwa sababu ninayo, na kwa sababu inawachekesha kwamba mwenye digrii ndiye anayewatolea kopi za vitambulisho. Mwanzia ni Hansadi, kama kumbukumbu za bunge: alikuwa karani katika ofisi moja ya serikali, akastaafu, ila mikutano ikakataa kumtoka mwilini. Ngui mchomeleaji ni Moto. Justus wa bodaboda ni Breki, kwa kuwa hana. Mutiso naye ni Injinia. Ni foramani wa mjengo, cheo hicho alipewa na vibarua, na tangu apewe hajawahi kumsahihisha mtu.

Siku hiyo Injinia alikuja mapema, akakaa pembeni kabisa, akakataa hata kashata.

— Ndanu amechagua kucheza, — alisema.

Ndanu ni bintiye, yuko gredi ya tisa. Anamaliza pale na kwenda sekondari ya juu, na huko kila mtoto huchagua mkondo wake.

— Kucheza nini? — Moto akauliza.

— Sanaa. Sanaa na Michezo. Kuna sayansi, kuna ile ya mambo ya jamii, na kuna hiyo. Mtoto ako na hesabu nzuri, ameangalia zote, akachukua hiyo. Ati anataka kuchora.

— Aiya! Na wewe ulikuwa wapi?

— Kazini. Nimejua juzi. Nimeongea na mwalimu mkuu, akasema kama mzazi anataka kubadilisha aje mwenyewe, na leo ndiyo mwisho, kabla ofisi ifungwe.

— Sasa unafanya nini hapa?

Injinia alitazama kikombe chake.

— Nilitaka tu kusikia mnasema aje.

Hakuna kitu hatari kama kuliambia benchi letu kwamba unataka kulisikia. Hansadi alikohoa, akanyoosha kola ya koti ambalo amelivaa tangu aagwe ofisini.

— Kwanza, — alisema, — tuweke jambo hili katika muktadha wa maendeleo ya kaunti. Mimi nimekaa katika makongamano. Nimesikia wataalamu kwa masikio haya. Hakuna taifa duniani limeinuka kwa kuchora. Taja moja.

Tukanyamaza, maana Hansadi akikwambia utaje kitu hakupi nafasi ya kukitaja.

— Hakuna! Taifa linajengwa na sayansi, na tekinolojia, na... na tija. Rangi utapaka baadaye, nyumba ikiisha.

— Lakini mzee, — Breki akasema, — si hata pesa imechorwa?

— Pesa haichorwi. Pesa inachapishwa.

— Inachapishwa nini? Si mtu alikaa chini kwanza akachora simba?

— Breki, wewe ni mtu wa pikipiki. Ongea mambo ya barabara.

Tulicheka. Breki mwenyewe alicheka, akaongezwa kahawa. Injinia ndiye peke yake ambaye hakucheka.

— Wacha niwaambie kitu, — alisema. — Nyinyi mlimjua ndugu yangu Nzioka. Yule alipiga gitaa kutoka hapa mpaka Kithimani. Harusi zote ni yeye. Watu walimbeba juu juu. Na akikufa, nani alimzika? Si tulipitisha kofia hapa hapa? Jeneza tulichukua tukiahidi kulipa. Sasa mtoto wangu anasema anataka sanaa, mimi naona ile kofia. Naiona vile inazunguka.

Kwa muda kidogo benchi likawa mahali pa maana. Moto aliweka kikombe chini. Ningependa kusema kwamba tuliendelea hivyo.

— Ndiyo maana nasema, — Moto akaanza, — ubunifu unaharibu kazi. Mimi nachomelea mwaka nenda mwaka rudi. Mteja akikuja, hataki umfikirie kitu. Anataka geti kama la jirani, lakini kubwa kidogo. Ukianza kumchorea maua ya kichwa chako, anaenda kwa fundi mwingine.

— Ndiyo sababu mageti ya huku yote yanafanana, — nikasema.

— Na ni vizuri! Mageti yakifanana mwizi anachanganyikiwa. Anaingia plot moja usiku, kesho akirudi kubeba vitu alisahau, anashindwa ni gani.

— Hiyo ni mbinu ya usalama, — Hansadi akaunga mkono. — Ingefaa iingie katika sera.

— Lakini mwenye nyumba naye akilewa? — Breki akauliza. — Si ataingia kwa mwingine?

— Huyo alikuwa anatafuta sababu.

Breki alikataa kunyamaza. Siku hiyo sijui alikula nini.

— Mimi napeleka asali Nairobi kila wiki, — alisema. — Asali ya kina mama wa Kola. Inatoka hapa kwa chupa ya soda, imezibwa na nailoni. Ikifika kwa yule tajiri wa Syokimau anaimwaga kwa kachupa kadogo, anabandika karatasi imechorwa nyuki amevaa kofia. Hiyo tu. Asali ni ile ile. Sasa siku moja niliona hiyo asali kwa supamaketi, nikashindwa kuinunua. Mimi, mwenye niliibeba! Nikaambia mama mmoja wa Kola, akaniuliza, huyo alichora nyuki ameumwa mara ngapi?

— Hiyo ni biashara, — Hansadi akasema. — Si sanaa.

— Nani alichora nyuki?

— Biashara ilimchora.

— Na ngozi je? — Breki alikuwa ameshika kasi. — Wanasema Kinanie kutakuwa na viwanda vya ngozi. Sawa. Mbuzi tuko nazo. Ngozi itatoka. Halafu? Nani anajua kiatu kitakaa aje? Ama tutavaa mbuzi vile alivyo?

— Mitambo italetwa, — Injinia akasema. Alikuwa anasikiliza kumbe. — Mitambo inakuja na viatu ndani yake. Namaanisha, mfano wa viatu. Siku hizi hakuna mtu anachora. Ukitaka picha unaambia simu. Kijana wa stoo kwa mjengo alinionyesha. Unasema, nichoree ng'ombe, inachora.

— Mimi nilijaribu hiyo, — Moto akasema. — Ilinichorea ng'ombe wa miguu mitano.

— Wa tano ni wa akiba, — Hansadi akasema, bila kutabasamu hata kidogo. — Ng'ombe wa kisasa. Mkulima mdogo akipata ng'ombe wa miguu mitano, hiyo ni supu ya ziada. Mnaona? Ubunifu umekuwa wa mashine, na binadamu amebaki na kazi ya kusimamia. Kwa hivyo Ndanu asomee kusimamia.

— Kusimamia nini?

— Ng'ombe!

Kicheko kiliwatoa watu kwenye duka la dawa la jirani. Musyoka alimwaga kahawa kwenye makaa, moshi ukatupaka sote. Katikati ya kicheko hicho Injinia alinigeukia, na uso wake haukuwa wa mtu anayecheka.

— Digrii. Wewe umefika chuo kikuu. Uliona wale wa kuchora na wale wa sayansi, wote. Niambie ukweli. Nikienda kubadilisha, nakosea?

Ningeweza kumwambia. Nilisoma na watu wa kila aina. Nilijua msichana aliyesomea uchoraji ambaye leo anachora vifungashio vya chai, na anawaajiri vijana wa sayansi kumpimia karatasi. Nilijua pia mchoraji anayekula kwa dada yake. Nilijua kwamba kiwanda kinahitaji mtu wa kuwaza kitu ambacho hakijakuwepo, na kwamba shuleni tulifundishwa kuwa mtu huyo hutoka nchi za nje. Hayo yote yalikuwa mdomoni mwangu. Lakini wanaume walikuwa wananitazama wakingoja kuchekeshwa, na mimi nina sifa yangu pale.

— Kunywa kahawa, Injinia, — nikasema. — Inapoa haraka kuliko digrii yangu.

Walicheka mpaka Moto akanipigia saluti. Injinia alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa jibu, akamaliza kahawa kwa mkupuo mmoja, akasimama.

— Basi naenda. Breki, washa.

Breki alikuwa anavaa kofia yake ngumu, polepole, bila furaha, tulipomwona mwanamke anakuja kutoka upande wa kanisa, sketi nyeusi, viatu vimejaa vumbi. Ni Mchungaji Kalunde, aliyehamishiwa kanisa letu jipya kutoka Kola, hana hata wiki mbili. Bado tulikuwa tunajizoeza kusimama akipita.

Wanaume wakasimama. Kashata ikafichwa, sijui kwa nini. Kashata si dhambi.

— Hamjambo, wazee wangu. Dada, hujambo.

— Hatujambo, Mchungaji.

— Kaeni, sitakaa. Nimeambiwa kamati ya ujenzi nitaipata hapa.

Kweli wakubwa wa kamati walikuwa hapo. Injinia ndiye mwenyekiti, Hansadi ndiye katibu, na Moto ndiye fundi aliyetengeneza geti la kanisa.

— Karibu, Mchungaji, — Hansadi akasema kwa ile sauti yake ya kongamano. — Kamati iko tayari kutoa taarifa.

— Si taarifa, ni swali tu. Jumapili askofu anakuja kufungua. Nilikuwa napita pale getini na kina mama, tunapanga maua. Kuna herufi mbili pale katikati, kubwa, zimepakwa rangi ya dhahabu. S na W. Kina mama wamenishauri niwaulize nyinyi. S.W. ni nini?

Macho yote yakageukia upande wa kanisa.

Sote tulikuwa tumelipita geti hilo. Limesimama mwezi mzima. Ni zuri, lina mishale juu na jua linalochomoza pande zote mbili, na katikati lina herufi hizo, kila moja kubwa kama sinia. Kila mtu aliyeziona alidhani kuna mwingine anayejua maana yake, na kila mtu aliona aibu kuwa yeye peke yake ndiye asiyejua.

— Ni... — Hansadi akaanza. — Ni kifupi. Sifa... Sifa kwa Watakatifu.

— Mlipanga hivyo kwenye kamati?

Hansadi alimtazama Injinia. Injinia alimtazama Moto. Moto hakuwa na mtu wa kumtazama.

— Ilikuwa kwa picha, — Moto akasema.

— Picha gani?

— Ile ya simu. Niliwapatia kamati picha za mageti wachague. Walichagua hilo. Mimi nikatengeneza vile lilikuwa. Sikupunguza kitu.

— Kwa hiyo S.W. ni mtu.

— Ni mwenye geti, nafikiria. Huko aliko.

— Ni wapi?

— Kwa simu haikusema.

Mchungaji hakucheka. Angecheka, tungepona. Alitikisa kichwa tu, kama daktari anapokuonyesha picha ya mfupa.

— Sawa. Zinaweza kutolewa?

— Zinatoka. Nakata na grenda leo leo. Lakini itabaki nafasi. Kitu kama dirisha.

— Basi tuweke kitu chetu. Hakuna mtu hapa anaweza kutuchorea?

Ilikuwa nafasi nzuri ya kunyamaza, na sote tuliitumia. Breki peke yake, kofia yake ngumu imemkaa kichwani, alisema kwa upole:

— Si Ndanu alikuwa amechora?

Injinia aligeuka kana kwamba amechomwa.

— Breki.

— Si nilimbeba mimi mwenyewe mpaka kwa mkutano wenu? Alikuwa ameshika ile karatasi kubwa ya manila, ameikunja mviringo, ameifunga na raba. Aliniambia niende pole upepo usiikunje. Mimi! Niende pole! Akasema, nimechora geti la kanisa.

— Ndanu ni nani? — Mchungaji akauliza.

— Ni binti yangu, — Injinia akasema. Sauti ilitoka ndogo. — Wa gredi ya tisa.

— Na alileta mchoro kwa kamati?

— Alileta.

— Mkauonaje?

Injinia akakaa tena kwenye benchi. Hansadi alianza kutafuta miwani yake, na miwani ilikuwa usoni.

— Mchungaji, — Injinia akasema, — siku hiyo kulikuwa na wazee. Mtoto aliingia, nikaona... niliona watasema Injinia ameleta mtoto wake kutufundisha kazi. Nikamwambia weka hapo mezani, tutaangalia. Akaweka. Akaenda.

— Halafu mkaangalia.

Moto alizungusha kahawa ndani ya kikombe chake.

— Kulikuwa na ajenda nyingi, — Hansadi akasema hatimaye.

— Si ni wewe ulikuwa unaonyeshea nayo? — Moto akamrukia, na nadhani alifurahi kupata mtu. — Ulishika hiyo karatasi, unaonyesha ramani kwa ukuta, ati hapa ni vyoo, hapa ni jikoni. Ulimfukuza nayo nzi!

— Sikujua ni nini! Ilikuwa imekunjwa!

— Ilikuwa imekunjwa mkutano wote?

— Raba haikutolewa, — Hansadi akasema, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuongeza neno.

Mchungaji Kalunde aliwatazama mmoja mmoja. Hakuwa na hasira. Alikuwa na uso wa mtu anayetaka kusaidia na ambaye bado haelewi aanzie wapi.

— Haidhuru, — alisema. — Tunaweza kumwomba achore tena. Niambieni tu, alikuwa amechora nini?

Nimefanya mitihani mingi maishani. Sijawahi kuona swali jepesi kama hilo likiwashinda watu wote chumbani. Na hatukuwa hata chumbani. Moto alikuna shingo. Breki alimtazama Injinia kwa matumaini, kwa sababu baba ni baba. Injinia alifungua mdomo. Nilimwona akitafuta. Alikuwa ameketi pale mchana mzima akitaka kujua kama kuchora kwa mwanawe kuna faida, na sisi tumemjibu kwa ng'ombe wa miguu mitano, na hakuna kati yetu aliyewahi kutazama hata mstari mmoja alioupiga.

— Mistari, — Injinia akasema. — Yeye huchora... kuna mistari. Na vitu.

Alichora kitu hewani kwa kidole, akakiacha katikati.

— Nyumbani kuna ukuta wa nyuma, — akaongeza. — Mama yake huniambia nikaone. Nikitoka kazini ni giza.

Mchungaji aliweka mkono begani kwake, kisha akauondoa. Nilitamani aseme jambo, atukemee, asome mstari wowote wa Biblia. Alisimama tu pale na sisi, akingoja kuona kama jibu linaweza kuja.

Hapo simu ya Injinia ikalia. Aliitazama, akatutazama.

— Ni mwalimu mkuu.

— Shika, — Breki akasema.

— Nimwambie nini?

Tulikuwa tumemaliza ushauri. Aliishika.

— Haloo, mwalimu... Ndiyo, najua ofisi inafungwa... La, sikuji. Wacha ikae vile yeye mwenyewe alichagua. Ndiyo. Hiyo hiyo ya sanaa... Ndiyo, nilikuwa nimesema nakuja, lakini...

Na hapo tukamwona anakwama. Mwanaume mzima, mwenyekiti wa kamati, maneno aliyohitaji yalikuwa mafupi tu: nimeona nilikosea. Yalikuja mpaka kooni, yakageuka.

— ...lakini niko matanga, mwalimu. Huku Kithimani. Tumefiwa.

Mchungaji Kalunde aliinamisha macho kwenye viatu vyake.

Kisha mwalimu akauliza kitu, nadhani aliuliza mbona ni kimya sana, kwa sababu Injinia alitutazama kwa macho ya mtu anayezama. Breki ndiye aliyeanza. Alivua kofia yake ngumu, akaiweka kifuani, akaanza kuguna wimbo wa maziko, taratibu, pua imeziba. Moto akaingia na besi. Hansadi, katibu, akafumba macho na kuitikia. Musyoka akashika vikombe visigongane. Nami, mwenye digrii, Mungu anisamehe, nikachukua sauti ya pili.

— Ndiyo, mwalimu, — Injinia akasema juu ya wimbo wetu. — Ni mtu wa karibu... Asante. Nitawaambia.

Akakata simu. Tuliendelea kuimba kidogo, maana hakuna aliyejua ni nani aanze kuacha. Ulipoisha, Injinia alifuta uso kwa kiganja.

— Mwalimu ametuma pole, — alisema. — Kwetu sote.

Tukapokea.